Kutoka Mwamba wa Ngome ya Yesu hadi Marumaru za Bara: Jinsi Chokaa Inavyozaa Johari

Ngome ya Yesu, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1593 kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, aliyekuwa akitawala Ureno pia, na kukamilika mwaka 1596 kwa ramani ya msanifu Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, imeandikwa sana kama uwanja wa vita na dola. Wasomaji wengi wamekwisha kusoma juu ya kuzingirwa kwake kuanzia mwaka 1696 hadi 1698, kuingia kwa Waomani, kugeuzwa kwake jela na Waingereza mwaka 1895, kufunguliwa kwake kama makumbusho mwaka 1960, na kuingizwa kwake katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Historia ambayo haijasimuliwa sana ni ile ya jiwe lenyewe, ambayo ilianza zamani mno kabla ya mtu yeyote kutia nanga Mombasa, na ambayo inaufungamanisha ukuta huo wa pwani na machimbo ya vito yaliyo mamia ya kilometa ndani ya bara.

Jiwe la ngome ni la chokaa, yaani mwamba ambao sehemu yake kubwa ni kalsiamu kaboneti, mchanganyiko wa kalsiamu, kaboni na oksijeni. Mwamba wa namna hiyo ukizikwa kwa kina kirefu na kupikwa na joto la ardhi hugeuka kuwa marumaru, na katika marumaru za Afrika Mashariki ndimo zinamopatikana spineli nyekundu za Mahenge na yakuti za Matombo, fuwele zinazotafutwa na wachimbaji, masonara na wakusanyaji wa madini kutoka pembe zote za dunia. Linaloamua kama chokaa itabaki jiwe la kujengea au itazaa johari ni mambo mawili: safari ambayo mwamba umepitia chini ya ardhi, na takataka zilizochanganyika nao tangu ulipokuwa tope la bahari. Hilo la pili ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa chokaa iliyo safi kabisa haizai kito chochote.

Mwamba uliojengwa na viumbe hai

Upande wa mashariki wa kisiwa cha Mombasa, ambako Ngome na Mji wa Kale vimekaa, umefanywa na mwamba wa matumbawe ya kale. Matumbawe ni wanyama wadogo wa baharini wanaofyonza kalsiamu na kaboneti kutoka katika maji na kujijengea mifupa migumu, na wanapokufa mifupa hiyo hubaki, kizazi juu ya kizazi, mpaka ikawa boma refu sambamba na ufuo. Mwamba unaoonekana leo juu ya maji katika pwani ya Kenya kwa sehemu kubwa ulikua katika vipindi ambavyo bahari ilikuwa juu kuliko sasa, hasa kipindi cha joto cha takriban miaka 125,000 iliyopita, wakati uso wa bahari duniani ulipokuwa mita 6 hadi 9 juu ya kiwango cha leo. Baadaye zama za barafu zilipoyafungia maji mengi kwenye nchi za baridi, bahari ilishuka, na kilele cha baridi hiyo, yapata miaka 20,000 iliyopita, kiliiacha kiasi cha mita 120 chini ya ilivyo sasa. Mito iliyokuwa ikitafuta bahari hiyo ya mbali ilichimba mabonde ndani ya mwamba, na maji yalipopanda tena, mabonde hayo yakazama na kuwa mahori ya Kilindini na Tudor yanayokizunguka kisiwa.

Mtu anayeutazama kwa karibu uso wa handaki lililokatwa kuizunguka Ngome upande wa nchi kavu huona mambo yote hayo katika kipande kisichozidi upana wa mikono miwili. Huona vichwa vya matumbawe vilivyosimama palepale vilipoota, vikiwa na vijitundu vilivyopangika kwa safu, ambavyo kila kimoja kilikuwa makao ya mnyama mmoja. Pembeni yake huonekana makombe mazito yaliyovunjika, vipande vya mwani wenye chokaa, na mchanga mweupe ulioganda ukavifunga vyote pamoja. Katika mashimo yaliyoachwa wazi, maji ya mvua yaliyoyeyusha chokaa ya juu yameiweka upya chini yake kwa umbo la fuwele ndogo zenye kung'aa, ambazo ni kalsaiti. Fuwele ni kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu mmoja unaojirudia, na kalsaiti ndiyo fuwele ya kawaida ya kalsiamu kaboneti. Mifupa ya matumbawe yenyewe huanza ikiwa aragoniti, ambayo ina viungo vilevile kwa mpangilio mwingine usiodumu, na kwa muda wa maelfu ya miaka aragoniti hiyo hugeuka polepole kuwa kalsaiti. Kwa hiyo hata mwamba huu mchanga, ambao haujawahi kuzikwa, umekwisha kuanza kubadilika.

Tabia za mwamba huu ziliamua mambo mengi katika ujenzi na maisha ya Ngome. Kwa kuwa unakatika kwa urahisi lakini unastahimili uzito, mafundi waliweza kuchonga handaki, misingi ya buruji na njia ya kuteremkia baharini ndani ya mwamba wenyewe, kisha wakayatumia mawe yaliyotoka humo kuinua kuta. Kwa kuwa umejaa matundu, maji ya bahari hupenya chini yake, ndiyo maana kisima kirefu kilichochimbwa ndani ya Ngome kilitoa maji ya chumvi, na watu waliokaa humo wakategemea birika za kukingia mvua kwa maji ya kunywa. Na kwa kuwa chokaa huyeyuka katika maji yenye asidi kidogo na kumegwa na mawimbi, chini ya Ngome upande wa bahari mwamba uliliwa kwa karne nyingi, hata ikabidi katika miaka ya karibuni ujengwe ukuta wa kuvunja nguvu za mawimbi.

Somo la tanuu

Mawe ya Ngome, kama yale ya majumba ya Mji wa Kale, yameshikwa kwa chokaa iliyochomwa katika tanuu, na kazi hiyo ya waashi wa pwani ndiyo njia nyepesi ya kuelewa kinachotokea chini ya ardhi marumaru inapozaliwa. Vipande vya matumbawe hupangwa juu ya lundo la magogo, moto ukawashwa, na joto linapokaribia nyuzi 900 za Selsiasi kalsiamu kaboneti huvunjika, hewa ya ukaa ikatoka na kupaa, na kinachobaki ni chokaa hai, kitu cheupe kinachochoma ngozi. Chokaa hai ikimwagiwa maji huchemka na kuwa chokaa iliyozimwa, ambayo ikichanganywa na mchanga na kupakwa baina ya mawe huanza kufyonza hewa ya ukaa kutoka angani, siku baada ya siku na mwaka baada ya mwaka, mpaka inarudi kuwa kalsaiti. Maana yake ni kwamba kiungio kilichoyashika mawe ya Ngome ni kitu kilekile na mawe yenyewe, tofauti yake ikiwa ni kwamba kilitengenezwa karne nne zilizopita kwa mikono ya binadamu.

Katika tanuu hewa ya ukaa hutoka kwa sababu hakuna kinachoizuia. Chini ya ardhi mambo ni mengine, kwani mwamba uliofukiwa kilometa 20 au 30 hubeba uzito wa kila kilicho juu yake, na mkandamizo huo huizuia hewa ya ukaa isitoroke. Kalsaiti ikipata joto la nyuzi 600 au 800 katika hali hiyo haivunjiki, bali chembe zake huhama na kujipanga upya, fuwele ndogo zikimezwa na kubwa, hata mabaki ya makombe, mchanga na tope yakafutika yasionekane tena. Matokeo yake ni mwamba wa fuwele nene zilizobanana, unaometameta unapovunjwa, nao ndio marumaru. Wanajiolojia huuweka katika kundi la miamba geu, yaani miamba iliyobadilishwa na joto na mkandamizo bila kuyeyuka.

Tabaka kwa tabaka kuelekea Voi

Reli inayotoka Mombasa kwenda Nairobi, ile ya zamani iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na ile mpya iliyozinduliwa mwaka 2017, huvuka karibu historia yote hiyo katika safari ya saa chache. Baada ya mwamba wa matumbawe na mchanga wa kisiwani huja udongo wa mawe laini ya Changamwe na Miritini, ambao ulikuwa tope la bahari katika kipindi cha Jurasiki, zama za mijusi wakubwa. Kaskazini ya hapo, katika nchi ya Kambe, kuna mawe ya chokaa yaliyotandazwa na bahari ya kipindi hichohicho, zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita. Hufuata mawe ya mchanga ya Mazeras na Mariakani, kisha matabaka ya Maji ya Chumvi na Taru, ambayo yanazidi kuwa ya kale kadiri msafiri anavyoingia bara, hata yale ya Taru yakakaribia umri wa miaka milioni 300.

Mawe ya Kambe yanafundisha jambo moja muhimu, kwamba umri peke yake haugeuzi chokaa kuwa marumaru. Yana umri unaozidi ule wa mwamba wa Ngome mara elfu na zaidi, lakini kwa kuwa hayakuwahi kufukiwa kina cha kutosha, bado ni mawe ya chokaa ya kawaida yenye mabaki ya viumbe wa bahari. Marumaru huanza kuonekana baada ya tabaka za Taru kukoma na mwamba wa msingi wa bara kujitokeza, kuanzia nyika za Tsavo na vilima vya Taita.

Mwamba huo wa msingi ni sehemu ya Ukanda wa Msumbiji, jina lililotolewa na mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes mwaka 1951 kwa mkanda mrefu wa miamba geu unaotoka Msumbiji, ukapita Tanzania na Kenya, na kuendelea kaskazini. Kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi iliyopita, bahari iliyokuwa ikitenganisha mabara ya kale ilifungwa, mabara yakagongana na kuunda bara kuu la Gondwana, na mahali pa mgongano paliinuka milima mirefu inayolinganishwa na Himalaya ya leo. Tope, mchanga na chokaa vilivyokuwa sakafuni mwa bahari hiyo vilisukumwa chini ya milima, vikapikwa, na baada ya mamia ya mamilioni ya miaka ya mmomonyoko, mizizi ya milima hiyo ndiyo inayokanyagwa leo Taita, Kajiado, Umba, Uluguru na Mahenge. Chokaa hiyo haikutokana na matumbawe, kwa kuwa wanyama wa aina hiyo walikuwa hawajatokea duniani; ilitokana na tope la chokaa lililoganda katika maji ya kina kifupi, mara nyingi kwa msaada wa vijidudu vinavyotumia mwanga wa jua na kuacha utando juu ya utando.

Takataka zinazozaa vito

Chokaa safi inapogeuka hutoa marumaru nyeupe tupu, na mfano wake maarufu ni ile ya Carrara nchini Italia, iliyochongewa masanamu tangu enzi za Warumi. Mchongaji huitafuta marumaru isiyo na doa, ilhali mtafuta fuwele huikimbia, kwa sababu johari zinahitaji viungo ambavyo kalsaiti haina. Yakuti ni alumini na oksijeni tu, na spineli ni magnesiamu, alumini na oksijeni. Alumini hiyo ilitoka katika udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na chokaa ilipokuwa bado tope, na magnesiamu ilitoka katika dolomiti, madini yanayofanana na kalsaiti isipokuwa nusu ya kalsiamu yake imechukuliwa na magnesiamu. Pale penye magnesiamu ya kutosha alumini huungana nayo ikawa spineli, na pale ilipopungua alumini hubaki peke yake ikawa yakuti, ndiyo sababu vito hivi viwili huonekana mara kwa mara katika marumaru zilizo jirani.

Sharti jingine ni uhaba wa silika, ambayo ndiyo mchanga wa kawaida na kiungo kikuu cha miamba mingi. Silika ikizidi, huinyakua alumini yote na kuiingiza katika madini kama ulanga, na hakuna yakuti wala spineli itakayopatikana. Marumaru hutimiza sharti hilo kuliko miamba mingine kwa sababu silika iliyomo ni kidogo tangu mwanzo, na hiyo kidogo hushughulika na kalsiamu na magnesiamu iliyo karibu nayo.

Rangi nayo ni kazi ya takataka. Spineli na yakuti zilizo safi kabisa hazina rangi, bali chembe chache za kromiamu zinazochukua nafasi ya alumini hutosha kuzifanya nyekundu, na vanadiamu huweza kuongeza au kubadili rangi hiyo. Chuma, ambacho kikiingia hutia wekundu giza, ni kidogo sana katika marumaru, na kwa sababu hiyo vito vyekundu vya marumaru huwa na mng'ao wa kipekee, na vikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno huwaka wekundu kama vyenyewe ni taa. Sifa hiyo ndiyo iliyozipa heshima yakuti za Mogok nchini Myanmar, ambazo nazo zimetoka katika marumaru.

Watafiti waliochunguza vimiminika vilivyonaswa ndani ya yakuti za marumaru, hasa zile za Asia, walikuta chumvi na gesi zenye salfa, na wakaeleza kwamba baadhi ya tope hilo la kale lilikuwa limetuama katika mahori yaliyokaukiwa na maji, yakaacha tabaka za chumvi na jasi. Chumvi hizo zilipopata joto kali ziliyeyuka na kusaidia kuihamisha alumini, ambayo kwa kawaida haihami kwa urahisi. Masalia ya viumbe yaliyozikwa pamoja nayo yaligeuka kuwa kinywe, yaani kaboni laini nyeusi inayotumika kutengenezea kalamu za risasi, na salfa yake ndiyo inayofanya baadhi ya marumaru hizi zinuke kama yai viza zinapopigwa nyundo.

Mahenge na Matombo

Mahali panapoonyesha vizuri zaidi mambo haya kwa wazungumzaji wa Kiswahili ni Mkoa wa Morogoro nchini Tanzania. Tangu miaka ya 1980 wachimbaji wadogo wamekuwa wakitoa yakuti na spineli katika maeneo ya Matombo, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, na Mahenge katika Wilaya ya Ulanga. Jina la Mahenge lilienea duniani mwaka 2007, wakati fuwele chache kubwa mno za spineli zilipopatikana huko katika machimbo ya Ipanko, kubwa kuliko zote ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 50. Ingawa sehemu kubwa ya fuwele hizo haikuwa na uangavu wa kukatwa, sehemu zilizokuwa safi zilitoa maelfu ya karati za vito vya rangi nyekundu-waridi yenye kung'aa, ambayo tangu wakati huo wafanyabiashara huitambua kwa jina la Mahenge.

Kipande cha marumaru ya eneo hilo kinachoenea kiganjani huwa na simulizi zima. Sehemu yake kubwa ni kalsaiti nyeupe, ambayo hupasuka kwa nyuso tambarare zinazoakisi jua na kukwaruzwa kwa msumari bila taabu. Ndani yake zimo pande za kinywe zinazoacha weusi kwenye kidole, na vipande vya ulanga wa rangi ya asali unaobanduka kwa ukucha, ambao uliumbika pale magnesiamu, alumini na silika zilipokutana na maji kidogo. Huweza kuwamo pia vijipunje vya forsteriti, madini ya magnesiamu na silika, na madini ya kijani yaitwayo pagasiti. Katikati ya hayo hukaa spineli, yenye umbo la piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako, nyuso nane zenye pembe tatu sawa, zikiwa zimenyooka na kung'aa kiasi ambacho mtu asiyejua angedhani zimesuguliwa na fundi.

Kwa kuwa fuwele hizi ni ngumu na nzito kuliko marumaru iliyozibeba, mvua huzifanyia kazi ya ungo, kwani huiyeyusha kalsaiti ikachukuliwa na maji, na spineli pamoja na yakuti zikabaki katika udongo mwekundu unaojaza mapango na nyufa za mwamba au kuteremka hadi kwenye changarawe za mito. Kalsaiti ina daraja la 3 katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ina 10, wakati spineli ina 8 na yakuti 9. Ndiyo maana wachimbaji wengi huanza kwa kuosha changarawe mabondeni, na hufuata mwamba wenyewe baada ya kuona kwamba vito vinazidi kadiri wanavyopanda mlima.

Taita Taveta: majirani wa marumaru

Upande wa Kenya, Kaunti ya Taita Taveta ina marumaru zilizokaa sambamba na miamba yenye kinywe, na katika mipaka yao ndimo linamopatikana garneti la kijani liitwalo tsavoraiti. Mwanajiolojia Mskoti Campbell Bridges aliligundua kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, kisha akalipata Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ndiyo iliyolitangaza kwa jina linalotokana na Mbuga ya Tsavo. Tsavoraiti ina kalsiamu iliyotoka upande wa chokaa, alumini na silika zilizotoka upande wa udongo wa mfinyanzi, na rangi yake ya kijani ni ya vanadiamu iliyokuwa imekusanywa na tope jeusi lenye masalia ya viumbe. Mara nyingi hupatikana ikiwa vinundu vya mviringo ndani ya mwamba, na mchimbaji mzoefu hufuata mkanda wa kinywe akijua kwamba vinundu havipotei mbali nao. Tanzanaiti ya Mirerani, iliyoanza kujulikana mwaka huohuo wa 1967, ni ya ukoo uleule wa miamba yenye kinywe na vanadiamu iliyo jirani na marumaru.

Si kila yakuti ya eneo hili, hata hivyo, ni mtoto wa marumaru. Zile za Mangari, zilizogunduliwa mwaka 1973 na mwanajiolojia Mmarekani John Saul pamoja na mwenzake Tim Miller, ziko ndani na kando ya miamba ya kijani-nyeusi yenye magnesiamu nyingi, ambayo ilikutana na vimiminika vya moto vilivyobeba alumini, nayo ikainyonya silika ya vimiminika hivyo hadi alumini ikabaki pweke. Njia ni tofauti na kito ni kilekile, jambo linalothibitisha kwamba sharti la msingi ni alumini kuwa nyingi na silika kuwa haba, bila kujali mwamba unaoyatimiza hayo.

Elimu ya kale ya vito

Watu wa Bahari ya Hindi walikuwa na elimu ya mambo haya karne nyingi kabla ya Ngome kujengwa. Al-Biruni, mwanazuoni wa karne ya 11, aliandika katika kitabu chake cha vito kwamba bilauri, yaani fuwele angavu za silika, zililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanji ili zichongwe huko, na hiyo ni ithibati kwamba fuwele za upande huu wa dunia zilikuwa bidhaa ya thamani katika majahazi ya zama hizo. Mwanazuoni huyohuyo alipima uzito wa vito kwa kulinganisha na maji viliyoyasukuma, na kwa kipimo hicho akatofautisha yakuti na kito chekundu kilichotoka Badakhshan, ambacho leo kinafahamika kuwa spineli na ambacho machimbo yake ya kale, katika nchi inayoitwa sasa Tajikistan, yamo ndani ya marumaru yenye magnesiamu.

Pamoja na elimu hiyo, Ulaya iliendelea kwa muda mrefu kuvichanganya vito hivyo viwili, na jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la wafalme wa Uingereza, liitwalo Yakuti ya Mwanamfalme Mweusi, ni spineli. Mnunuzi wa leo ana njia nyepesi zaidi: fuwele ghafi ya spineli huwa na nyuso nane na ya yakuti huwa na pande sita, yakuti ni nzito kidogo kwa ukubwa uleule, na mwanga unaopita katika yakuti hugawanyika mara mbili ilhali katika spineli hupita kama ulivyo. Ama marumaru hutambulika kwa tone la asidi hafifu, ambalo huifanya itoe povu papo hapo, kama litakavyofanya juu ya jiwe lolote la matumbawe, kwa kuwa hewa ya ukaa inayotoka ni ileile.

Jiwe lisilotenganishwa na kito chake

Kwa upande wa sheria, Ngome na mwamba wake zinalindwa nchini Kenya na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, na hairuhusiwi kugonga wala kuchukua kipande. Machimbo ya vito yako chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016, ambayo imegawa mrabaha kwa asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi penye madini. Sheria hizo mbili zinaangalia jiwe kwa macho mawili tofauti, moja likiwa ni urithi usioguswa na jingine likiwa ni mali inayochimbwa, na kati yake liko jambo ambalo halijapewa nafasi ya kutosha, yaani marumaru inayovunjwa na kutupwa kando ya shimo ili kito kitoke.

Fuwele iliyong'olewa na kukatwa inabaki na bei yake, lakini haiwezi tena kueleza kama jirani yake alikuwa kinywe au ulanga, kama tabaka la dolomiti lilikuwa juu au chini, wala kama chumvi ya hori la kale ilishiriki. Wakusanyaji wa madini wanalijua hilo, ndiyo maana fuwele nzuri iliyobaki imekaa ndani ya marumaru yake huweza kununuliwa kwa bei inayozidi ile ya fuwele iliyo peke yake, hata kama haifai kukatwa. Kwa mchimbaji mdogo wa Mahenge au wa Taita hiyo ni faida iliyo karibu, kwani vipande ambavyo sonara anavikataa vina soko jingine, ilimradi viwe vimetolewa bila kupasuliwa na vimeandikwa mahali na kina vilikotoka. Kwa mwanajiolojia, maandishi hayo machache ndiyo yanayomwezesha kutabiri mahali pa kuchimba kesho, kwa sababu kito hufuata takataka za tope la kale, na takataka hizo husomeka katika mwamba uliokibeba.